Gunia 2

Kifurushi kilikuwa chepesi mno, nikamuuliza konda kama hajakosea. Akaangalia jina, akaangalia namba ya simu, akasema ndicho hicho, weka sahihi hapa. Nilikuwa nimekuja stendi ya Nanenane na bajaji, nikitegemea robota la magunia matupu, lile la kubebwa na watu wawili. Nikakabidhiwa bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu. Ndani, yamekunjwa vizuri kama mashati ya dobi, magunia mawili.

Wakati huo kule Isyonje, shambani kwa mama mdogo, viazi vilikuwa vimeshachimbwa tangu asubuhi. Vibarua wamelipwa, fuso limeshapatikana, viazi vimelala juu ya majani vinasubiri kufungashwa. Anayejua viazi anajua kwamba ukiviacha kwenye mwanga vinageuka kijani, na kiazi cha kijani kina uchungu na kina sumu. Hakuna muuza chipsi atakayekitaka. Tulihitaji magunia sabini. Tajiri wetu wa Dar, ambaye ndiye huyanunua huko kwa bei ya jumla na kuyapakia kwenye basi la kuja Mbeya, alikuwa ametuma mawili.

Nikampigia nikiwa na hasira. Akanijibu kwa ule upole unaoudhi: "Dada, si mama mwenyewe aliandika mbili?"

Mama hakuandika. Niliandika mimi. Mama mdogo hasomi maandishi ya simu bila miwani, na miwani yake hukaa nyumbani kabatini kama vyombo vya wageni, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa karani wake. Siku mbili kabla, tajiri alikuwa ameuliza: "Shikamoo mama. Nikutumie magunia na kamba za kushonea?" Nikamsomea. Kamba tulikuwa nazo. Mama mdogo, mikono imejaa udongo, akasema bila kugeuka, "Mwambie gunia tu." Kidole changu kikaenda chenyewe: "Mrhb. gunia 2".

Wa rika langu wameshaelewa. Ilibidi nimweleze mama mdogo pale pale shambani, nikiwa nimemshikia simu karibu na uso.

"Hii ni mbili," akasema.

"Hii ni tu, mama mdogo."

"Tangu lini mbili ikawa tu?"

Nikamwambia mbili kwa Kiingereza inatamkwa tu, kwa hiyo vijana tukitaka kuandika tu, tunaweka mbili. Akafikiri kidogo, akaniangalia kama anayetafuta homa kwenye paji la uso wangu. "Kwa hiyo uliandika Kiingereza? Kwa mtu anayetaka magunia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilirudi Uyole nikanunua magunia ya rejareja, bei ya rejareja, sitini na nane. Fuso lilidai hela ya kusubiri. Viazi vya pembeni vilivyopata jua vikatengwa, kama gunia tano hivi, vikaenda kuwa mbegu. Mama mdogo hakunigombeza. Alifanya kibaya zaidi: aliwasimulia wenzake. Kwa mwaka mzima kila nilipoteremka Isyonje, wamama wenye ndoo za viazi kichwani walinisalimia kwa kuuliza, "Umetuletea yale mawili?"

Nimeanza na aibu hiyo kwa makusudi, maana kila ninaposikia watu wanabishana kuhusu hizi lugha za kukata, za xaxa na cjui na 2taonana, naona wanabishana juu ya adabu au juu ya uzuri wa Kiswahili, wakati mimi nililipia magunia.

Kukata maneno nilijifunzia Iringa, mwaka 2006, nikiwa chuo. Tulipanga Kihesa, wasichana watatu chumba kimoja, na vocha ya buku tuliigawana kama mkate. Ujumbe mmoja wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, nafasi tupu zikihesabiwa humo, na ukivuka unalipia wa pili. Kwa hiyo tulibana. "Nipo" ikawa npo, "sisi" ikawa cc, "lakini" ikawa lkn, "watu" wakawa wa2, na "sababu" ikawa 7bu, ambayo naiona mpaka leo kuwa ndiyo ya ufundi kuliko zote kwa sababu angalau saba yake ni ya Kiswahili. Hapo ndipo penye mtego ambao hatukuwahi kuuona: 2 ilisomwa kwa Kiingereza, 7 ikasomwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyekuambia ni wapi ubadilishe lugha. Ulitakiwa uwe mmoja wetu.

Lakini si hela peke yake. Vidole pia. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya vitufe, ya mtumba, kitufe cha saba kimefutika maandishi. Kupata s ulibonyeza saba mara nne. X ilikaa kwenye tisa, mara mbili imetoka. Andika "sasa" na "xaxa" uhesabu mwenyewe: s mbili ni mibonyezo minane, x mbili ni minne. "Si" ni mara nne na mara tatu, jumla saba. C ni mara tatu kwenye kitufe cha mbili, basi. "Tu" ilikuwa balaa kabisa, kwa sababu t na u zote zinakaa kwenye nane: unabonyeza mara moja, unasubiri kijiti kisogee, ndipo ubonyeze mara mbili. Ukiwa na haraka inatoka v. Kumbe 2 unabana kitufe kimoja imeisha. Wanaosema ile x ilikuwa ushamba hawajawahi kuandika "sisi sote tusisahau sabuni" kwa simu ya tochi usiku wa baridi ya Iringa, vidole vimekufa ganzi. Sisemi ndiyo sababu pekee. Wapo walioipenda x kwa jinsi ilivyokaa kihuni, na baadhi yao nawajua, wana simu za kupapasa na bado wanaandika xana.

Ujumbe wa kwanza kabisa wa namna hii ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa salamu ya Krismasi ya maneno mawili, yote yameandikwa kamili. Tulianza kukata baadaye, tulipoanza kulipa.

Baba yangu hakutaka kusikia habari za mibonyezo. Alistaafu akiwa karani wa Posta, na miaka ya 1980 alikuwa Tukuyu, zama zile Posta na Simu ni shirika moja. Nilipopata simu chuoni nilimtumia salamu yangu ya kwanza: "Shkm baba, hbr za hk? cc wazma." Nikasubiri marahaba. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili jioni likaja jibu, limeandikwa kwa herufi zote na nukta zote: "Barua yako imefika ikiwa imeraruka. Tuma upya."

Nikacheka, nikatuma upya kwa ukamilifu, nikajibiwa marahaba mwanangu. Nilidhani ni utani. Halikuwa utani. Kila nilipokata, aliniambia imeraruka. Likizo nilipokwenda nyumbani nikamuuliza kinachomuudhi ni nini hasa. Kwetu Rungwe mtoto wa kike akimsalimia mkubwa anapiga goti. Ndivyo nilivyolelewa, na bado nafanya nikifika. Baba akasema, "Kwenye simu goti halionekani. Kinachoonekana ni hilo neno tu. Sasa na lenyewe unalikata." Halafu, kwa sababu hawezi kuacha jambo likiwa zito, akaongeza: "Shikamoo maana yake nashika moo, yaani miguu. Wewe umeandika shkm, moo lote umelitoa. Umenishika wapi?"

Nilikuwa na umri wa kubishana, nikabishana. Nikamwambia mbona ninyi wa ofisini mnakata kuliko sisi? Barua zenu zimejaa Yah: na Kumb. Na. na S.L.P. na Ndg. na n.k., na mwisho mtu anasaini juu ya Kny. Na kwenye kalenda yake ya ukutani alikuwa ameandika J'tatu na J'nne kwa mkono wake mwenyewe. Nilidhani nimemkamata.

Akanieleza kuhusu telegramu. Mtu alikuja kaunta amekunja karatasi, amelia njia nzima, baba yake amefariki na kaka yuko Tanga hajui. Telegramu ililipiwa kwa neno. Karatasi ina maneno arobaini, mfukoni ana hela ya maneno saba. Kazi ya baba, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote, ilikuwa kukaa naye na kupunguza. "Ndugu yangu mpendwa" linaondoka. "Napenda kukujulisha kwamba" linaondoka. Na hapo, alisema, ndipo alipokipenda Kiswahili, kwa sababu neno moja linabeba nyumba nzima: "tumemzika" ni neno moja, lakini ndani yake mna sisi, mna yeye, na mna kwamba imekwisha, usikimbie. Mzungu angelipia maneno manne. "Nilikata maneno," akasema, "sikukata herufi. Na nilikata mwenye msiba akiwa ameketi mbele yangu, namuuliza, hili litoke? Anasema litoke. Aliyepokea kule alipokea maneno mazima."

Hoja hiyo nimekaa nayo miaka. Nusu nakubaliana naye, nusu hapana. Nakubali kwamba neno likitoka zima, lililobaki linasomeka. Herufi ikitoka, msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya kufikiri ulimaanisha nini. Lakini kuhusu Kny na wenzake, baba aliwapendelea kwa sababu walikuwa wa ukoo wake. Sasa hivi nina duka la steshenari Mwanjelwa, nachapa barua, natoa kopi, nina na uwakala wa kutuma na kutoa fedha pembeni. Kuna mzee alikuja na barua tatu kutoka ofisi tatu tofauti, akazipanga mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu Kny ni nani, mbona anasaini kila mahali? Nikamwambia ni kwa niaba ya. Akashusha pumzi, alikuwa amekwisha kupanga kwenda kumwona. Kwa hiyo tusidanganyane. Aliyejifunza kifupisho ofisini haoni kama ni kifupisho.

Kitu ambacho baba alikigusa bila kukitaja kinahusu hela, na huko niliumia mara ya pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ananishikia chumba cha biashara Mafinga. Nikamtumia kodi ya miezi sita. Asubuhi nikamuuliza, mwenye nyumba umemalizana naye? Akajibu, "nmlpa jion". Nikaridhika. Nilisoma "nimemlipa jioni", nikajua jana jioni. Wiki tatu baadaye mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Mdogo wangu, ambaye hela ilikuwa imekwenda kwenye mambo yake, akaniambia bila aibu, "Dada mimi nilikwambia namlipa jioni, sikusema nimeshamlipa." Nikafungua simu nikautazama ule ujumbe kwa muda mrefu. Ni kweli. Nmlpa inaweza kuwa namlipa, inaweza kuwa nimemlipa, inaweza kuwa nitamlipa, na yenyewe iko kimya kama mwizi kituoni.

Hilo ni tatizo letu sisi. Mwingereza akikuondolea irabu unaweza kubahatisha. Kwetu wakati wa kitendo unakaa kwenye silabi moja ndogo katikati ya kitenzi, na, me, li, ta, na anayekata huanza na hiyo kwa sababu haina uzito kinywani. Ukiiondoa umebaki na mtu na kitendo, hujui kama kimeshafanyika au ni ndoto. Mdogo wangu hakuanza kuandika hivyo ili anidanganye. Aliandika hivyo kila siku. Lakini hela ilipokwisha alikuta mlango wa nyuma uko wazi. Tangu siku hiyo dukani kwangu, mtu akiniambia kwa ujumbe "ntma", namwandikia: andika vizuri, umetuma au unatuma? Wananiona nina majivuno. Sawa.

Halafu kuna ile nyingine ambayo haina hasara ya hela. Mchumba niliyekuwa naye Iringa alianza na "Habari za asubuhi mpenzi wangu, umeamkaje?" Mwezi wa tatu ikawa "Hbr za asbh mpz". Mwezi wa sita nikaamka nikakuta "asbh". Peke yake. Simu yake ilikuwa ile ile, vocha ilikuwa bei ile ile. Mwenzangu wa chumbani akaichungulia, akasema, dada hapa hakuna mtu.

Siku hizi karibu kila sababu tuliyokuwa nayo imeondoka. Vitufe hakuna, simu inakukamilishia neno kabla hujalimaliza, na kwenye WhatsApp hakuna anayehesabu herufi. Ungedhani kukata kungekufa. Binti wa mdogo wangu wa kike ana miaka 17, likizo anakuja kunisaidia dukani, na yeye ananicheka mimi. "Mama mkubwa, x ni za kizee." Anaandika maneno mazima kwa sababu simu inampa mazima, ila ndo, nko, hyo na mm hazijaondoka, hizo anasema si kukata, ndivyo yanavyoandikwa. Ila ana sheria zake ambazo nisingezijua. Ukimjibu "sw" badala ya "sawa", umemchoka. Ukimjibu "k", mmekosana. Na nukta! "Sawa" ni sawa. "Sawa" yenye nukta mwishoni ni kwamba umekasirika na hutaki kuendelea. Nilibisha. Akafungua simu yake akanionyesha ujumbe wangu wa miezi miwili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umefungwa kwa nukta kama mtoto wa karani wa Posta, akaniambia, "Nilikuwa naogopa kukuuliza kosa langu."

Huyo baba yangu aliona nukta kuwa heshima. Huyu mjukuu wake anaiona kuwa mlango umebamizwa. Mimi niko katikati, naandika nukta na kuifuta.

Mahali ambapo herufi 160 bado zina mabavu ni kwenye meseji za michango. Nina programu kwenye kompyuta ya duka inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, na huko bado tunalipia kwa ujumbe mmoja mmoja. Kamati za harusi, za sendofu, za ubatizo, zinakuja na orodha ya namba na karatasi ya maneno. Ukivuka 160, mtandao unaukata ujumbe vipande vya herufi 153, maana nafasi saba kwenye kila kipande zinaliwa na kazi ya kuviunganisha, na kila kipande kina bei yake. Mwanzoni sikujua kwamba vile vikatuni navyo vina gharama. Mama mmoja wa kamati aliomba pete na moyo mwekundu mwishoni. Nikaweka. Alama hizo mbili zikashusha nafasi kutoka 160 hadi 70, ujumbe wa herufi 120 ukawa vipande viwili kwa kila mtu, na salio likaisha katikati ya orodha, ukoo wa bwana harusi umepata, wa bibi harusi haujapata. Hiyo nililipa mfukoni mwangu.

Kwa hiyo kazi yangu sasa ni ile ile ya baba. Mtu anakaa kwenye kiti cha plastiki, namsomea, namuuliza, hili litoke? Na nimegundua watu hawakati sawasawa. Vijana wanakata salamu kwanza. Wamama wanakata maelezo, tarehe, mahali, wanasema watapiga simu kuuliza. Wanasiasa wadogo wa mtaani hawakati chochote, wanalipa vipande vitatu.

Mwezi uliopita alikuja mzee, mwenyekiti wa kamati ya harusi, koti la suti juu ya sweta kama tunavyovaa huku baridi ikianza. Orodha ya watu 240. Ujumbe alikuwa ameuandika kwenye karatasi ya daftari, mwandiko wa shule ya zamani. Nikaupiga: "Ndugu mpendwa, kamati inakukumbusha mchango wa harusi ya kijana wetu. Tafadhali kamilisha ahadi yako kabla ya Jumatano. Mungu akubariki. Mwenyekiti wa Kamati," halafu majina yake mawili. Kabla ya majina, kihesabio kilikuwa kinasoma 159. Nikamwonyesha. Ilikuwa imebaki nafasi ya herufi moja, na majina yake yangeufanya ujumbe kuwa vipande viwili, 240 ziwe 480.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu anakunja kopi. Akasema kwa heshima, "Babu, Jumatano tunaweza kuweka J5."

"Hapana. Kuna watu wazima humo."

Nikajaribu Ndg. badala ya Ndugu mpendwa. Akatikisa kichwa: mtu unamdai hela halafu hutaki hata kumwita mpendwa? Tafadhali je? Akanitazama. Sikuendelea na tafadhali. Nikataja Mungu akubariki, kwa sauti ndogo, kwa sababu ilinibidi kutaja kila kitu. Hata hakujibu, akageuza tu uso kwenye kioo cha kompyuta akawa anasoma tena taratibu, midomo inacheza, kidole kinasogea hewani neno kwa neno. Nje bajaji zinapiga honi. Kidole kikafika mwisho, kwenye majina yake, kikasimama.

"Toa hapa," akasema.

"Jina lako, mzee?"

"Namba yangu wanayo. Mwenyekiti wakimtaka watamtafuta."

Nikafuta majina, nikafuta na ile koma. Kihesabio kikarudi 157. Nikamwambia umeingia kwenye ujumbe mmoja, na zimebaki nafasi tatu. Akauliza kama anaweza kuzitumia au zinapotea. Nikamwambia zinapotea. Akafikiri, mkono kwenye kidevu, mtu anayehesabu mali yake.

"Basi weka nukta."

Nikasikia binti nyuma yangu ameacha kukunja karatasi. Sikugeuka. Nikaweka nukta, 158, nikabonyeza kutuma.